War Girls: hao dada wawili wamenikaa kichwani

Wiki mbili zimepita na bado nawawaza Onyii na Ify, kwa hivyo wacha niandike tu. Hiki kitabu cha Tochi Onyebuchi kilitoka 2019 lakini mimi nimekipata juzi kwa duka moja hapa tao, 1,800, na sijutii hata shilingi moja.

Hadithi iko Nigeria, mwaka wa 2172. Dunia imeharibiwa na joto na nyuklia, wenye uwezo wamehamia makoloni ya angani, waliobaki chini wanapigana upya vita vya Biafra, lile eneo la kusini mashariki lililotaka kujitenga na Nigeria. Onyii ako na mkono wa chuma, anaishi kwa kambi ya wasichana iliyofichwa msituni, na hapo ndipo analea Ify, katoto kenye akili ya ajabu kamejitengenezea kamtambo ka kuingia kwa mitandao. Si dada wa damu. Halafu kambi inavamiwa, wanatenganishwa, na kila mmoja anakulia upande wake wa vita.

Hiyo sehemu nilikuwa naisoma kwa matatu, nilikuwa nashukia Hamza nikashtukia tuko Donholm.

Chenye kimenishika ni vile huwezi kupata mtu wa kuchukia. Ukiwa na Onyii unaombea Biafra ishinde, sura inayofuata uko na Ify kwa wale wengine, na wanampenda, wanamlisha, unaanza kuogopa ile ndege uliyokuwa unaishangilia. Na Onyii mwenyewe bado ni mtoto aki. Mwaka wa 2008, ile fujo ya baada ya uchaguzi hapa Kenya, mimi na sistangu tulilala siku nne sakafuni kwa jirani, yeye alikuwa 14, na mpaka leo kitu nakumbuka sana ni mikono yake ikiniziba masikio. Kwa hivyo Onyii akimfunika Ify nililia, sina cha kuficha.

Biafra nilikuwa najua jina tu. Nikaenda kusoma: vita vyenyewe vilikuwa 1967 mpaka 1970, Biafra ikazingirwa, chakula hakiingii, na wengi waliokufa hawakupigwa risasi, walikufa njaa, watoto hasa. Ukishajua hiyo unarudi kwa kitabu unasoma polepole.

Mapigano ya yale maroboti makubwa yenye mtu anaendesha akiwa ndani yamezidi, mengine niliyaruka, na mwanzoni majina ya mitambo yanakuja kwa kasi mpaka unachoka. Vumilia kurasa kama hamsini hivi. Ila mtoto wa chini ya miaka 13 nisingempa, wasichana wanakufa ndani na mwandishi hakufichi.

Kuna cha pili, Rebel Sisters, cha 2020. Mwenye ameona duka liko nacho hapa Nairobi aniambie tafadhali. Hiki cha kwanza siwezi kuazima mtu saa hii, sistangu ndiye ako nacho na amefika tu pale kambi inavamiwa.