Kilomita 10 Kamili: Uzoefu Wangu na Programu ya Kutafuta Chanzo cha Tetemeko

Nimeitumia programu hii kwa miezi kadhaa kuchakata kumbukumbu za matetemeko madogo ya ukanda wa Manyara, na ninaandika hasira ikiwa haijaniisha. Bei yake na aina ya kompyuta inayohitajika utavipata kwingine. Kilichoniudhi ni safu moja ya majibu yake, nayo ni safu ya kina, yaani chanzo cha tetemeko kiko umbali gani chini ya ardhi.

Usiku mmoja, mwishoni mwa masika, niliyapanga matetemeko yangu kwa kina nikakuta karibu nusu yake yameandikiwa kilomita 10.0. Hakukuwa na 9.8 wala 11.3, ni 10.0 mstari baada ya mstari. Kumbe programu hii, inaposhindwa kukadiria kina, hukifunga kwenye kilomita 10 kisha ikaendelea na hesabu zake. Kufunga kina ni jambo la kawaida, hata vituo vikubwa duniani hufanya hivyo data zikiwa haba, lakini wao huweka alama ili msomaji ajue kwamba namba hiyo haikupimwa. Hapa hapakuwa na alama yoyote. Tena Manyara ndiko matetemeko hushuka hadi sehemu ya chini ya gamba la dunia, kilomita 20 hadi 40, na kina hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta!

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Aliyepokea hakuniacha nimalize swali. “Kijana, programu hii inatumiwa na wataalamu. Kama huelewi namba zake, kamuulize mwalimu wako.” Akakata simu. Sijawahi kulipia leseni ya kitu nikajibiwa hivyo, na kwa siku ile ningempa nyota sifuri kama ingewezekana.

Jibu ambalo angeweza kunipa kwa dakika mbili nililitafuta kwa wiki nyingi. Kina hakikadiriki vizuri kama hakuna kituo cha kupimia mitikisiko kilicho karibu na kitovu, kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe, na kituo changu cha karibu kilikuwa mbali kiasi cha kilomita 70. Pili, programu ilikuwa imesoma yenyewe wakati wa kufika kwa wimbi la S, lile la polepole linalofika baada ya wimbi la kwanza, P, na ilikosea mara nyingi. Kwa kasi za kawaida za mawimbi ndani ya gamba la dunia, sekunde moja kati ya P na S ni umbali wa kilomita 8 hivi kutoka kwenye chanzo, kwa hiyo kosa la nusu sekunde tayari ni kilomita 4. Tatu, isipoelekezwa vingine hutumia kasi za mawimbi za modeli iitwayo iasp91, ambazo ni wastani wa dunia nzima wenye gamba la unene wa kilomita 35, wala hazikutengenezwa kwa ajili ya Bonde la Ufa.

Niliingiza kasi za eneo letu, nikaongeza kumbukumbu za vituo viwili, nikasoma mawimbi ya S upya kwa macho yangu. Kisha nikaendesha sehemu ya tofauti maradufu, njia iliyochapishwa na Waldhauser na Ellsworth mwaka 2000, ambayo hulinganisha matetemeko mawili jirani kwenye kituo kimoja, ili kosa la njia ambayo mawimbi yake yamepita pamoja lijifute. Nukta zilizokuwa zimetawanyika kama punje za mtama zikajipanga kwenye mstari mmoja ulioinama, ukishuka hadi zaidi ya kilomita 25. Nilikaa kimya nikiutazama. Sijaona programu nyingine ikifanya kazi hiyo kwa uzuri huo, na lazima niseme kwamba inastahili nyota nne.

Hata hivyo, kila nikiikumbuka ile safu ya 10.0 nalifikiria tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, ambalo kina chake kilikadiriwa kuwa kilomita 40. Mhandisi anayekadiria mtikisiko ardhini atafikia hesabu tofauti kabisa akipewa 10 iliyobandikwa bila onyo. Basi ni nyota tatu, na pengine hata hizo ni nyingi. Leseni yangu inakaribia kuisha na nitailipia tena, maana kazi yangu inaihitaji. Ombi langu la kuwekewa alama kwenye safu ya kina nimelituma mara mbili na halijajibiwa.