Kitabu cha Rapa Nui nilichonunua Bagamoyo

Jamani kama uko Bagamoyo pita kwa yule mama anayeuza vitabu vya mtumba njia ya kwenda soko la samaki, mi nimetoka na kitabu cha historia ya kisiwa cha Rapa Nui, kile cha Pasaka huko bahari ya Pasifiki, kwa elfu saba tu na sijutii. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, ila mama aliniambia kabla sijalipa, mkweli sana.

Mwanzo ndo patamu, watu wa Polinesia, yaani visiwa vya huko Pasifiki, walivyovuka Pasifiki bila dira, wanafuata nyota na mawimbi na ndege, mbao za mitumbwi zimeshonwa kwa kamba za nazi, nikamkumbuka babu akitusimulia mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, maana nao ulishonwa hivyohivyo, nikasoma mpaka adhana ya magharibi. Halafu Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili 1722, anafika Mholanzi Jacob Roggeveen, watu wamejaa ufukweni wanashangaa, mara bunduki zinalia na wenyeji kama 10 wako chini.

Mwaka 1862 ndo balaa zaidi, meli kutoka Peru zikaanza kubeba watu utumwani, wachache waliorudishwa wakaja na ndui, mpaka 1877 kisiwa kizima wamebaki watu 111. Mia moja na kumi na moja! Mi nimekulia karibu na Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara ya pembe na watumwa hapa Bagamoyo, hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Picha za moai, zile sanamu kubwa za mawe za kisiwani, hazionekani vizuri. Ramani safi. Nyota nne, na mama bado ana vingine vya mambo ya bahari, wahini.