Siku 30 na toleo la majaribio la programu ya kurejesha faili

Folda ile niliifuta mwenyewe, tena kwa Shift na Delete, yaani bila kupitia pipa la taka, nikiwa na uhakika kwamba nakala yake iko kwenye diski ya nje. Haikuwepo. Zilikuwemo picha za miaka 6 na kazi ya tafsiri niliyokuwa nimefika nusu. Sikuwa tayari kulipia kitu nisichokijua, kwa hiyo nikachukua toleo la majaribio la programu moja inayofanya kazi zote mbili: kuhifadhi nakala rudufu na kurejesha faili zilizofutwa. Jina lake naliweka kando.

Kidogo nijimalize mwanzoni kabisa. Programu ilitaka kujisakinisha kwenye diski ileile iliyopoteza faili, nami kidole kilishakuwa juu ya kitufe. Faili ikifutwa, data yake haiondoki papo hapo. Kompyuta huandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na chochote kipya kinaweza kuandikwa juu yake. Nikaizima laptopu, nikachomoa diski, nikaiunganisha kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine na kusakinisha huko. Hapa uzee wa laptopu yangu ulinisaidia: diski yake bado ni ya sahani zinazozunguka. Ingekuwa SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, amri iitwayo TRIM huenda ingekuwa imeshaiarifu diski isafishe nafasi hizo, na hapo hakuna programu ya kukufaa.

Utafutaji wa haraka ulichukua dakika chache na kuleta takataka. Ule wa kina ulikesha usiku kucha. Asubuhi nikakuta makundi mawili: faili chache zenye majina na folda zake, na maelfu yaliyopewa namba tu. Hizi za pili programu huzitambua kwa alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8, basi popote inapoziona inahesabu kwamba picha imeanzia hapo. Jina halimo ndani ya faili, ndiyo maana linapotea. Tarehe ya kupigwa picha kwa kawaida imo ndani ya picha yenyewe, nami niliitumia kuzipanga upya.

Tafsiri yangu sikuiona kwenye kundi la hati. Nilihangaika saa nzima mpaka nikakumbuka kwamba faili ya DOCX, yaani ya Word, kiundani ni ZIP, kifurushi cha faili zilizobanwa pamoja. Nikaenda kwenye kundi la ZIP, nikabadilisha mwisho wa jina kuwa .docx kwenye faili moja baada ya nyingine, na ya 14 ikafunguka ikiwa kazi yangu, koma kwa koma. Programu ya kulipia ingepaswa kulijua hilo bila mimi kuipa somo.

Toleo la majaribio linakuonyesha kila kitu lakini linakuruhusu kurejesha MB 500 tu. Watu hulalamikia ukomo huo. Mimi naona ni haki, mradi unaweza kuichungulia faili kabla ya kuichukua. Kama haifunguki pale kwenye dirisha la kuchungulia, kulipa hakutaifufua. Nilitumia MB zangu kwa tafsiri na picha chache nisizoweza kuziacha, kisha nikalipia leseni ya mwezi mmoja kwa zilizobaki. Kilichonikera ni kisanduku cha kujiandikisha upya kila mwezi: kilikuwa kimeshawekewa alama ya vema, chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kijivu.

Upande wa nakala rudufu, ambao majaribio yake ni ya siku 30, niliujaribia kwenye kompyuta ya pili. Kunakili diski nzima kwenda diski ya nje hakukuwa na shida, na mara zilizofuata ilichukua mabadiliko tu, dakika chache basi. Lakini nilichotaka kujua ni kama nakala hiyo inarudi. Nikatengeneza flashi ya uokoaji, nikaiwashia kompyuta, na nikakuta diski imefungwa: BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski, ilikuwa inafanya kazi na mimi sina habari, ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Niliupata kwenye akaunti yangu ya Microsoft kwa kutumia simu. Sasa nimeuandika kwenye karatasi, na karatasi haikai karibu na kompyuta.

Nikaacha muda uishe kwa makusudi. Siku ya 31 programu iligoma kutengeneza nakala mpya ila kurejesha za zamani ikaruhusu, na hapo naipa heshima yake. Tatizo ni kwamba nakala hizo zimo ndani ya faili moja kubwa ya muundo wake yenyewe, isiyofunguliwa na programu nyingine niliyo nayo. Kwa hati na picha nimerudi kwenye kunakili kwa kawaida, diski mbili tofauti, faili zikiwa wazi kama zilivyo. Leseni ya nakala rudufu sikununua.

Zipo picha kama 30 zilizorudi nusu: juu nyuso za watu, chini kijivu kitupu. Sijazifuta bado.