Pasi ya Eurail kwa familia: Amsterdam hadi Vienna tukiwa na watoto na bibi yao

Jambo la kwanza la kujua kuhusu pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya, ni kwamba pasi si kiti. Aliyezoea SGR ya Dar hadi Dodoma akikata tiketi anapata behewa na namba ya kiti humo humo. Ulaya hivyo ni vitu viwili. Pasi inakuruhusu kupanda treni. Kiti unakilipia kando, na kulipia kiti ni lazima au hiari kutegemea nchi na aina ya treni. Familia nyingi huangalia bei ya pasi peke yake, kisha zinapanga Paris, Barcelona na Roma, na huko ndiko ada za viti zinakouma. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, hupandi bila kubuki kiti. Eurostar, treni ya kasi inayounganisha miji kama London, Paris na Amsterdam, ni hivyo hivyo, na ada yake ni kama euro 30 au zaidi kwa kila abiria. Viti vya wenye pasi navyo vina kikomo, vikiisha vimeisha. Mtoto aliyepewa pasi ya bure naye analipiwa kiti.

Ndiyo maana tulichagua Amsterdam, Köln, München, Salzburg na Vienna, yaani Uholanzi, Ujerumani na Austria. Kwa njia hiyo treni nyingi hazikulazimishi kubuki, na ukitaka kiti cha uhakika unalipa euro chache tu. Sisi tulilipia kwa safari ndefu, kwa sababu mama mkwe alikuwa nasi na sikutaka asimame hata dakika kumi.

Kwa upande wa watoto pasi hii nimeipenda kwa dhati. Wenye miaka 4 hadi 11 hawalipi, na mtu mzima mmoja anaruhusiwa watoto wawili, ila pasi zao ziagizwe pamoja na zenu. Aliye chini ya miaka 4 hahitaji pasi kabisa. Mwenye miaka 60 na kuendelea hupata punguzo la asilimia 10, kwa hiyo bibi naye alinufaika. Pasi zote zilikaa kwenye simu ya mume wangu. Kila treni unaiingiza kwenye programu kabla ya kupanda, na simu inatakiwa kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku tatu.

Tulichukua ile ya siku 5 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Siku inaanza saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata, na ndani yake unapanda treni nyingi utakavyo. Hapo ndipo utamu ulipo. Kutoka Köln kwenda Frankfurt kuna reli mpya ya mwaka 2002, treni inakimbia hadi kilomita 300 kwa saa, mahandaki mengi, huoni kitu. Sisi tuliiacha tukapanda treni ya reli ya zamani inayofuata mto Rhine hadi Mainz. Kati ya Koblenz na Bingen bonde linabana, ngome za kale ziko juu ya vilima pande zote mbili, mashamba ya mizabibu yameteremka hadi karibu na maji, na meli za mizigo zinapita chini yako. Watoto walishindana kuhesabu ngome. Mama mkwe hakutoa macho dirishani, na hakutaka hata chai. Ukielekea kusini kwa reli hiyo, kaa upande wa kushoto, mto uko huko.

Treni moja ilichelewa na tukakosa ya kuunganisha. Kwa tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwenye treni moja ningeanza kutafuta wa kumweleza. Kwa pasi tulibadilisha treni kwenye simu, tukala mkate, tukapanda iliyofuata.

Railjet, treni za kasi za Austria, nyingi zina sehemu ya familia yenye skrini ndogo ya filamu za watoto. Ukibuki kiti, omba huko.

Kuhusu viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya: iombwe nchi mtakayolala siku nyingi zaidi; kwetu ilikuwa Ujerumani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Pasi ya kawaida ambayo haijaanza kutumika hurudishwa kwa makato, lakini ningekushauri upate viza kwanza.

Mtoto akishafika miaka 12 analipa pasi ya kijana, na hesabu inageuka kabisa. Vivyo hivyo kama safari ni ya Ujerumani pekee: treni za masafa marefu za huko huwachukua watoto hadi miaka 14 bure wakiwa na mtu mzima, kwa hiyo tiketi za kawaida zilizokatwa miezi kadhaa mapema zinaweza kuishinda pasi. Andika kila kipande cha safari na bei yake kwenye karatasi kabla hujalipa.