Kurunzi ya mkobani: hesabu matundu kabla hujahesabu mwanga

Niliinunua mwezi wa tatu, duka moja la Darajani, shilingi 35,000, nikajiona mjanja kwa sababu muuzaji alianzia 50,000. Mwezi wa saba ikanizimikia juu ya mwamba wa Jambiani, saa nne usiku, bamvua, maji yametoka mbali, mie na mama mdogo tumo kuchokoa pweza. Nabonyeza kitufe, kimya. Nabonyeza tena, kinazama kama kidole ndani ya andazi na hakirudi. Taa sina, na taa mwingine, yule mwenye mwiba mkiani, huenda kalala mchangani hatua mbili mbele yangu. Tulirudi kwa mwanga wa simu ya mama mdogo, kaishika juu ya kichwa isirowe, na njia nzima ananisuta: "Mwanangu, umesoma mpaka chuo, kurunzi tu hujui kununua?"

Asubuhi nikaifungua. Betri nzima. Balbu nzima. Tundu la chaji limejaa kutu ya kijani kama sinia la shaba lililosahauliwa uani, na springi iliyo chini ya kitufe imeliwa ikabaki uzi. Tangu hapo kila anayenilalamikia kurunzi yake imekufa namwambia ailete niichungulie, na karibu zote zina ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo hapa hutaniona nikisifu lumen, yaani wingi wa mwanga, wala mwanga unafika mita ngapi. Mwanga skuizi unatosha, hata wa kurunzi mbovu. Ninachouliza mie ni kimoja: chumvi itaingilia wapi?

Maana sisi chumvi tunaivuta na pumzi. Upepo wa kusi ukivuma, hata kurunzi iliyolala kabatini Mji Mkongwe inapata fungu lake. Maji ya chumvi yakikutanisha madini mawili tofauti, tuseme alumini ya mwili na shaba ya springi, hapo hapo inazaliwa betri ndogo usiyoitaka, na lile dhaifu linaliwa. Kila tundu ni mlango wa shughuli hiyo. Kurunzi za kuchaji zina tundu moja la waya na moja la kitufe, na lile la waya limezibwa kwa kiulimi cha mpira ambacho baada ya kufunguliwa kila siku kinalegea kama sikio la mbuzi. Ndipo inapofia.

Usidanganyike na IP67 ya kwenye boksi, ile alama ya kuzuia vumbi na maji. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji: 4 ni kurushiwa matone, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Lakini kipimo kinafanywa kwa maji matamu, kurunzi mpya, kiulimi kimefungwa vizuri. Hakuna aliyeipima yako baada ya Ramadhani mbili mkobani. Na "saa 10 za kuwaka" nazo, hata kwa makampuni yanayofuata ANSI, kanuni ya Marekani ya kupimia kurunzi, huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza. Asilimia 10! Hapo unaona kidole chako tu.

Sasa niseme ninachokipenda, na sioni haya: Mini Maglite ya betri mbili za AA. Imekuwa sokoni tangu 1984, inatengenezwa California, na ninaipenda kwa jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, kwamba haina kitufe. Unazungusha kichwa, inawaka, unakirudisha, inazima. Tundu la chaji haina. Kuna hesi, na ringi za mpira zinazokaza kwenye maungio, basi. Ukikifungua kichwa chote ukakitoa, inabaki balbu wazi inayomulika kama mshumaa, na kile kichwa unakifanya kikalio chake mezani. Waliokuwepo Unguja Mei 2008 umeme ulipokatika karibu mwezi mzima, halafu tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, wanaelewa kwa nini nalitaja hili. Miezi mitatu ile sisi kwetu tulikula chakula cha usiku kwa mwanga wa Maglite ya marehemu baba, imesimamishwa katikati ya sinia la wali. Mwanzilishi wa kampuni, Tony Maglica, alizaliwa New York lakini kakulia Zlarin, kisiwa kidogo cha Kroatia. Mie nikilijua hilo nikasema basi, mtu wa kisiwa anajua chumvi ni nini.

Si kwamba haina kasoro. Kwa maji imepimwa IPX4 tu, kwa hiyo si ya kuzama nayo. Na ya kwanza niliyokuwa nayo niliiua mwenyewe. Niliiacha na mawe ya bei rahisi (wazee wetu betri wanaziita mawe, na mie nimezoea) kutoka mfungo hadi mfungo. Yakavuja, yakavimba, yakaganda ndani ya lile bomba la alumini, na fundi wa Mlandege aliyejaribu kuyatoa kwa kekee alitoka na vipande vya mawe na vya kurunzi pia. Kwa hiyo kama huitumii wiki mbili, yatoe. Mawe ya alkalini yakivuja, kinachotoka ni magadi makali, hivyo kisafishe kwa siki au ndimu, si kwa sabuni.

Bora zaidi, weka Eneloop za Panasonic, zile nyeupe za kuchaji, zilizoanza kutoka Japani mwaka 2005 chini ya jina la Sanyo. Unazichaji nje, kwenye chaja yake, nyumbani. Umeona hesabu yake? Unapata kuchaji bila kuitoboa kurunzi. Na ukiziacha ndani ya droo miezi mizima, zikitoka bado zina nguvu.

Ringi za mpira zipake grisi ya silikoni, kidogo tu, mara moja kila baada ya miezi michache. Waulizeni vijana wa maduka ya kuzamia Nungwi, wao ndio wanaoipaka kwenye vifaa vyao. Vaselini acheni, inaweza kuuvimbisha mpira.

Ya pili kwangu ni Fenix E12 V2.0, ya jiwe moja la AA. Ndogo, inaingia hata kwenye mfuko wa ndani wa buibui, na maji inayavumilia kuliko Maglite, IP68. Imeshika nafasi ya pili kwa dhambi moja, ina kitufe kitakoni. Kitufe kizuri, lakini ni kitufe.

Kwa akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, na kila anayetaka mikono miwili ifanye kazi, kurunzi ya kichwani ni Petzl Tikka ya Ufaransa. Inakula mawe matatu madogo ya AAA, au betri yao wenyewe, CORE, ambayo tundu la chaji liko kwenye betri na si kwenye taa, kwa hiyo betri ikiliwa na kutu unatupa betri, taa inabaki. Nayo ni ya matone tu, IPX4. Ikianguka majini isuuze kwa maji matamu siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Hizi zinazobeba jiwe nene la lithiamu liitwalo 18650, ambalo unaweza kulitoa na kulichaji pembeni, sizikatai. Ila jiwe lenyewe ndilo uwanja wa wezi. Limeandikwa 9900 mAh, yaani chaji linayobeba, na 18650 nzuri nyingi huishia karibu 3,500, hakuna inayokaribia 9900. Jiwe la kweli huwa na gramu 45 kwenda juu kidogo. La uongo jepesi, mara nyingine limejazwa unga. Mpelekee sonara unayemjua akupimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Mie nimefanya hivyo, akacheka mpaka kikombe cha kahawa kikamwagika, lakini alinipimia.

Za plastiki za elfu tano na za sola: nunua ukijua unanunua ya msimu mmoja.

Halafu turudi Darajani. Nilimrudishia yule muuzaji kurunzi yake na risiti yake. Kaitazama kwa mbali, hata kuishika hakuishika. "Dada, umeitia maji hii." Nikamwambia boksi limeandikwa inakaa majini. "Boksi linaandikwa China, mie nauza Unguja." Sasa kama ndivyo, wakati ananiuzia mbona alikuwa ananisomea boksi? Neno "orijino" kalitamka mara nne. Na umeme ukikatika siku mbili mfululizo, nenda uone: ya elfu kumi na tano imekuwa elfu ishirini na tano, na wanakuapia mzigo mpya umepanda ushuru, ilhali boksi lina vumbi la tangu Maulidi.

Maglite yangu ya sasa kaniletea binamu yangu wa Maskati, maana hapa niliyoonyeshwa ilikuwa na jina la Maglite na kitufe ubavuni. Nikamuuliza kijana, Mini Maglite ina kitufe tangu lini? Akanijibu: "Hii ndo toleo jipya, dada. Kwani kurunzi ya nini na wewe, simu si ina taa?"