Legoland Dubai na watoto wadogo: kabla hujalipia pakeji pima kwanza watoto wako

Tumerudi Dubai wiki mbili zilizopita, mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka sita na binti wa miaka miwili na nusu, ndo safari yetu ya kwanza ya nje kama familia na ndo mara ya kwanza watoto kuingia sehemu kubwa ya michezo, zaidi ya yale mabembea tunayowapelekaga Jumapili hapa Dar. Nimeulizwa sana, ofisini, majirani, hata mwalimu wa mtoto, mlienda wapi mlipangaje, kwa hiyo nimekaa niandike kwa utulivu. Wakati napanga mimi sikupata mtu aliyeeleza kwa Kiswahili mambo ya watoto wadogo, wengi wanaeleza maduka ya Deira, ule mtaa wa biashara wa Dubai, na bei za simu tu.

Naanza na jibu kabisa. Legoland Dubai, yaani bustani ya michezo ya yale matofali ya kuchezea ya Lego, kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka nane hivi naipa nyota tano na ntarudi. Kama mwanao ana miaka kumi na tatu anataka bembea za kutoa roho, mpeleke kwingine, huku atachoka mapema.

Sasa tulivyofika kwenye huo uamuzi ni habari ndefu kidogo. Miezi sita kabla tulienda kwa wakala mmoja wa safari hapa mjini, akatupangia pakeji ya siku tano: Ferrari World, sehemu ya michezo ya Abu Dhabi, safari ya jangwani ya kupanda na kushuka vilima vya mchanga na gari, kupanda lile jengo refu la Burj Khalifa, na siku mbili za manunuzi. Hakuuliza umri wa watoto. Aliuliza ni wangapi, nikasema wawili, akaandika wawili akapiga mahesabu, na sisi tukaweka malipo ya awali maana ilikuwa inaonekana imekamilika kila kitu.

Wifi yangu anakaa Sharjah huu mwaka wa saba. Nikamtumia ile ratiba WhatsApp, hata dakika tano hazijaisha akapiga.

"Wifi, huyo kijana ana urefu gani?"

Nikamwambia sijui, wa kawaida tu.

"Basi mpime kabla hujaongeza hata shilingi, maana huku getini hawaulizi mtoto ana miaka mingapi, wanaangalia kimo."

Jioni ile ile tukawasimamisha kwenye fremu ya mlango wa chumbani na penseli na futi kamba ya fundi cherehani. Kijana sentimita 117, binti 89. Nikaingia kwenye tovuti za hizo sehemu moja moja, kila bembea wameandika kimo cha chini, na nikaona tulikuwa tunaenda kulipa hela ndefu watoto wakaangalie wenzao wakicheza. Ferrari World ni sehemu nzuri na ya wadogo vipo, lakini sifa yake kubwa ni Formula Rossa, treni la kasi linalokwenda kilomita 240 kwa saa, sasa mtoto wa sentimita 117 hiyo atafanya nini nayo? Na lile gari la jangwani na mtoto wa miaka miwili na nusu kwakweli hapana, linarusharusha mno.

Tukaghairi. Wakala alirudisha sehemu tu ya hela, nyingine ikaenda, iliniuma sana maana ile hela tuliikusanya kidogo kidogo. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kama wakala hakuulizi umri wa mwanao na urefu wake usimpe pesa, mwambie unajipanga utarudi.

Tulipoanza upya tukalinganisha. Kuna Warner Bros. World ya vikatuni, iko kisiwa cha Yas Island kule kule Abu Dhabi ilipo Ferrari World, ilifunguliwa 2018 na yote iko ndani ya jengo lenye AC. Kuna SeaWorld ya viumbe wa baharini, ilifunguliwa 2023 hapo hapo kisiwani. Dubai kwenyewe kuna IMG Worlds of Adventure, nayo ya ndani. Afu kuna Dubai Parks and Resorts, iko barabara ya Sheikh Zayed kuelekea Abu Dhabi, ambapo Legoland na Motiongate, ile ya mambo ya filamu, ziko jirani kabisa. Tulichagua Legoland kwa sababu imejengwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 12, yaani mtoto mdogo ndo mgeni rasmi, hajawekewa kona moja tu pembeni. Legoland ya kwanza kabisa duniani iko Billund, Denmark, tangu 1968, hii ya Dubai ilifunguliwa Oktoba 2016.

Tiketi tulinunua wenyewe kwenye tovuti yao, ya siku moja. Mkubwa na mtoto bei ni sawa, wasio na miaka mitatu wanaingia bure, kwa hiyo binti alipita. Kwenye ndege ni tofauti, huko akishatimiza miaka miwili anatakiwa siti yake na nauli yake, na hilo watu wengi linawakuta wakati wa kulipia. Kama mwanao anakaribia miaka miwili na mnafikiria kwenda, angalieni tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuchagua tarehe ya safari.

Muda wa kwenda ni Desemba, naomba mnisikilize hapa. Shule zetu zinafunga Juni na Desemba, na Juni Dubai joto linapita 40 mchana, na sehemu kubwa ya Legoland iko nje. Desemba ilikuwa jua la kawaida, jioni binti alivaa sweta. Ila epukeni tarehe 2 na 3 Desemba, ni sikukuu yao ya taifa, na kama mnaweza msiende Jumamosi na Jumapili, maana tangu 2022 wikendi yao ndo hiyo, sio Ijumaa na Jumamosi kama zamani. Sisi tuliingia Jumanne saa nne asubuhi na foleni ndefu kuliko zote tuliyokaa sidhani kama ilifika dakika ishirini na tano.

Haya, siku yenyewe.

Kitu cha kwanza kijana alichokimbilia ni shule ya udereva. Kuna barabara ya kweli ndogo ina taa, ina mizunguko, ina alama, na watoto wanapewa gari za umeme waendeshe wenyewe, hakuna reli chini, anakata kona mwenyewe. Wanafundishwa kwanza. Akaingia barabarani akashika kushoto moja kwa moja, maana ndo anavyomuona baba yake akiendesha kila siku, na kule wanaendesha kulia. Dada mmoja mfanyakazi akaja akainama akamwelekeza taratibu, wala hakumkaripia, akamwambia nyumbani kwenu uko sahihi hapa tunapita huku. Raundi ya pili alikuwa anasimama kwenye taa nyekundu mwenyewe na kuangalia kulia na kushoto, mume wangu akanishika mkono bila kusema kitu. Mtoto huyu ana aibu sana, shuleni mwalimu anasema hanyooshi kidole, na pale alikuwa kati kati ya watoto wa kila lugha anaongoza gari lake. Kwa mimi safari ilishalipa pale.

Wadogo kuanzia miaka mitatu mpaka mitano wana barabara yao nyingine. Binti hakufikisha, alilia, tukampeleka sehemu ya Duplo yenye matofali makubwa akatulia.

Pia kuna gari za zimamoto ambapo familia inapanda pamoja, mnapampu mkono kwa nguvu gari liende mpaka kwenye jengo linalowaka, mnashuka mnapampu maji mnazima moto, mnarudi, na mnashindana na familia zingine. Wifi alikuja nasi siku hiyo na yeye na mume wangu walipampu mpaka jasho. Kuna Dragon, treni la kasi linalopita ndani ya ngome afu linatoka nje, na dogo lake la wale wanaoanza. Kwenye lile kubwa tuliomba mmoja abaki na binti afu tubadilishane, wakaturuhusu bila kupanga foleni upya. Ulizeni hilo kwenye kila bembea, mzazi aliyebaki na mtoto mchanga naye ana haki ya kucheza.

Saa saba mchana ndo wakati mgumu wa watoto wote, njaa na usingizi pamoja. Hapo mkaingie Miniland. Iko ndani, ina AC, kimya kidogo, na wametengeneza miji na majengo maarufu kwa matofali ya Lego, Burj Khalifa peke yake ina mita 17, ile ya kweli ikiwa 828. Magari madogo yanatembea, kuna vitufe watoto wanabonyeza vitu vinacheza. Binti alilala kwenye kigari chake saa nzima na kijana akazunguka na baba yake anahesabu meli. Kama tungejipanga na ratiba ya bembea tu bila kupumzika, nakuhakikishia saa tisa tungekuwa tunarudi na watoto wanalia.

Chakula cha ndani ni ghali kama ilivyo kwenye hizi sehemu kokote, kwa hiyo kuleni vizuri asubuhi kabla ya kutoka. Mimi nilibeba uji wa lishe wa binti kwenye themosi, walikagua mkoba wakaona ni wa mtoto wakapitisha. Halali sio swali kule, na sehemu ya kuswalia ipo.

Malazi sasa. Usiku nne tulikaa Deira kwa sababu ni rahisi na ni karibu na wifi, ila kutoka Deira mpaka Legoland ni zaidi ya kilomita 50, teksi ya kwenda peke yake inapita dirham 100. Metro ni nzuri kwa mizunguko ya mjini, wana behewa la wanawake na watoto na walio chini ya miaka mitano hawalipi, lakini msile chochote mle ndani hata pipi za kutafuna, faini ni dirham 100. Usiku wa tano tukahamia hoteli yenyewe ya Legoland, iliyofunguliwa 2022, iko hapo hapo mlangoni. Watoto wana sehemu yao ya kulala yenye kitanda cha juu na chini, na kuna kisanduku chenye namba za siri, watoto wanatafuta majibu humo humo chumbani mpaka kifunguke wapate zawadi. Bei imechangamka, siwezi kusema ni rahisi. Ila usiku mmoja huo watoto wanauongelea kuliko Burj Khalifa. Kama ningepanga tena ningelala huko usiku wa kabla ya siku ya michezo, mkiamka mnatembea kwa miguu tu.

Teksi nazo, sheria ya kule mtoto chini ya miaka minne anatakiwa akae kwenye siti yake maalum ya gari, na chini ya miaka kumi hakai mbele. Wifi alituazima siti. Msipokuwa na ndugu tafuteni gari zinazokuja na siti, zipo, mnaagiza mapema.

Na dawa. Hili naliandika kwa msisitizo maana mama mkwe kwa upendo wake alitufungia mfuko mzima wa dawa za kifua na maumivu. Dawa zenye kodini na tramado zinadhibitiwa vikali Emirati, huwezi kuingia nazo hivi hivi bila kibali. Someni maandishi madogo kwenye kila chupa. Sisi tulibeba parasitamo ya maji na ORS tu na cheti cha daktari cha pafu ya kijana, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo.

Pesa pangeni kwa dola, dirham imefungwa kwenye dola miaka mingi, dola moja ni dirham 3.67, haiyumbi. Shilingi yetu ndo inayoyumba, kwa hiyo sisi kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunabadilisha kidogo. Pasipoti za watoto anzeni mapema, nazo ziwe zimebaki miezi sita au zaidi, na viza msisubiri wiki ya mwisho. Muda unapishana saa moja tu na wetu kwa hiyo usingizi wa watoto hauharibiki, na ndege ni masaa matano na nusu hivi kutoka Dar, tulichagua ya usiku wakalala.

Ukitoka lazima upite dukani, na pale watoto watashika kila kitu. Sisi tulikubaliana nao tangu Dar kwamba kila mmoja boksi moja, tukaandika kwenye karatasi, kijana akaikumbuka mwenyewe akarudisha la pili. Wenye mtoto chini ya miaka mitatu mchukulieni Duplo, vile vipande vya kawaida ni vidogo anaweza kumeza. Boksi likiwa kubwa litoeni matofali mkayafunge kwenye mfuko, kasha likunjeni, linakula nafasi ya begi bure na Deira bado hamjapita.