Asali ya tiba, propolisi, nta: kipi kiguse kidonda?

Karibuni watazamaji. Mezani hapa kuna vitu vinne vya nyuki vinavyouzwa kama dawa ya vidonda: tyubu ya asali ya tiba, chupa ya asali ya kula, propolisi ya matone (ile gundi ya nyuki) na kopo la marhamu ya nta. Niseme mapema: kidonda kikiwa wazi, ninayoipitisha ni hiyo tyubu peke yake.

Asali hupambana na bakteria kwa njia kadhaa kwa mpigo. Sukari ni nyingi, maji kwa kawaida hayafiki asilimia 20, kwa hiyo inafyonza majimaji na bakteria wanakosa maji. Ina asidi pia: pH yake, yaani kipimo cha asidi, huwa kama 3.2 hadi 4.5. Halafu kuna kimeng'enya ambacho nyuki wenyewe hukitia, glukosi oksidesi. Kikikutana na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksidi, kemikali inayoua vijidudu, kidogo kidogo. Joto hukiharibu, ndiyo maana asali iliyochemshwa siitaki hapa.

Asali ya manuka, inayotokana na maua ya mti wa manuka wa New Zealand, inategemea zaidi kemikali iitwayo methiliglioksali, kwa kifupi MGO. Lebo ikisema MGO 400+, maana yake angalau miligramu 400 kwa kila kilo ya asali. Msidanganyike na namba hiyo, kwa sababu hata manuka ya kupaka kwenye mkate huandikwa hivyo hivyo. Cha kutafuta ni maandishi kwamba asali imetakaswa kwa mionzi ya gama na ni ya kutibu majeraha. Asali ya chupa, hata iwe mbichi na safi namna gani, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli. Mionzi inaziua, na kimeng'enya kinabaki kikifanya kazi.

Sasa tazameni ninavyoiweka. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali. Asali ipakwe kwenye shashi, isimiminwe kwenye kidonda, maana ikipata joto la mwili inakuwa nyepesi na kuchuruzika. Shashi ya sentimita 10 kwa 10 inataka kama mililita 20, si ule mstari mwembamba ambao wengi hukamua. Ivuke kidogo kingo za kidonda. Juu yake weka pedi ya kufyonza, ndipo ufunge bendeji.

Siku za mwanzo majimaji huwa mengi, badilisha mara moja au hata mbili kwa siku. Yakipungua, siku mbili au tatu zinatosha. Hapa ndipo wengi wanapokosea: pedi imelowa chapachapa nao wanaiacha, na asali iliyozimuliwa haina nguvu tena. Ngozi ya pembeni ikianza kuwa nyeupe na kukunjamana, imelowa kupita kiasi. Ipake vaselini au krimu ya zinki, na ongeza pedi. Kuchoma kidogo mwanzoni ni kwa ajili ya ile asidi. Kukizidi au kusipotulia, osha na uache.

Je, inafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba majeraha ya moto yasiyopenya ngozi yote hupona mapema zaidi kwa asali kuliko kwa bendeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya mguu vinavyotokana na mishipa ya vena, faida haikuonekana. Muuzaji akikwambia inatibu kila kidonda, mwache aendelee kuongea.

Propolisi inaua vijidudu maabara, sikatai. Lakini ni maarufu kwa kuleta mzio wa ngozi, na hii ya matone imeyeyushwa kwenye alkoholi, kwa hiyo inachoma na kukera nyama mpya. Marhamu ya nta ni nzuri kwa visigino vilivyopasuka na ngozi iliyokwisha kufunga. Kwenye kidonda chenye usaha inaziba tu, uchafu unabaki ndani.

Jeraha lenye kina kirefu au lililoingia udongo ni la hospitali, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari usikitibu nyumbani kabisa, hata kikiwa kidogo. Wekundu unaosambaa, homa au harufu inayozidi, nenda siku hiyo hiyo. Na tyubu ikishafunguliwa ni ya mgonjwa mmoja. Mdomo wake usiguse kidonda.